Mwanza: Mpeleke mtoto akamwone uduvi ziwani kabla ya kumnunulia tangi

Anayefika Mwanza mara ya kwanza huangalia juu. Mawe yamepandana vilimani, nyumba zimejibana katikati yake, na kule ziwani Jiwe la Bismarck limekaa juu ya wenzake kana kwamba upepo mmoja tu ungeliangusha. Ukija na watoto, waache wayatazame mawe mpaka watosheke. Kisha waambie waangalie chini, majini, maana safari hii ni ya kumtafuta mnyama ambaye wakubwa wengi wamemla bila kumtambua.

Mnyama huyo ni uduvi, kamba mdogo wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Mkubwa wake hufikia kama sentimita 2 na nusu, sawa na pingili ya kidole chako. Wanasayansi humwita Caridina nilotica, na upande wa Kenya, Wajaluo humwita ochong'a. Mwili wake unapitisha mwanga, hivyo akiwa hai majini unaweza kumtazama usimwone mpaka asogee.

Kwa nini umsafirishe mtoto kwa ajili ya kidudu kama hicho? Kwa sababu siku hizi watoto wanaona kwenye simu picha za kamba wadogo wekundu wakitembea ndani ya tangi la kioo, nao wanaomba wanunuliwe. Ni ombi zuri. Tangi la uduvi ni dogo, halina kelele, halihitaji chakula kingi, na linampa mtoto kitu cha kutazama kisicho na chaji. Tatizo ni kwamba wazazi wengi huanza na duka. Wananunua tangi asubuhi, wanajaza maji ya bomba mchana, wanatia wanyama jioni, na kabla wiki haijaisha nyumba ina msiba mdogo na mtoto analia.

Ukianza na ziwa, utaelewa mapema kwa nini wanakufa.

Anzia Mwaloni

Soko la Mwaloni, pale Kirumba, ndiko dagaa wa ziwa wanakokusanywa kabla ya kupakiwa kwenye malori kwenda mikoani na nje ya nchi, Kongo ikiwemo. Nenda asubuhi, mshike mtoto mkono, maana mikokoteni na wabeba mizigo hawana muda wa kukwepa.

Dagaa huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola na betri, na dagaa hufuata mwanga. Uduvi naye ana ratiba yake. Mchana hukaa chini, usiku hupanda juu kutafuta chakula. Ndiyo maana wavu wa dagaa mara nyingi humkuta njiani, na wote wawili hukaushwa pamoja.

Nunua dagaa kidogo, utandike gazeti, umwambie mtoto achambue: dagaa huku, uduvi kule. Atamtambua kwa mgongo uliopinda, ndevu ndefu na miguu mingi myembamba. Mkikosa kwenye fungu moja, jaribuni jingine. Wasioweza kufika Mwanza wafanye zoezi hilohilo jikoni kwao, kwani dagaa wa Mwanza wanafika karibu kila soko. Wanaofuga kuku huenda wamewahi kumlisha bila kujua, maana uduvi waliokaushwa huchanganywa pia kwenye chakula cha mifugo.

Saanane, na habari ya kichocho

Kutoka Capri Point, boti inafika Kisiwa cha Saanane kwa dakika chache. Kisiwa hiki kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Watoto watawafurahia pimbi wanaoota jua kwenye mawe. Wewe waonyeshe pale jiwe linapokutana na maji. Utaona utando wa kijani na kahawia, ule unaolifanya jiwe liteleze.

Utando huo ndio mezani kwa uduvi. Umejaa mwani, bakteria na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mikono yake ya mbele ina vibrashi vidogo, naye hutumia siku nzima kukwangua na kutia mdomoni, kukwangua na kutia mdomoni. Hakuna anayemmwagia chakula. Amezaliwa juu ya sahani iliyokwisha kujaa. Ukikumbuka jambo hilo moja, umeshaelewa sehemu kubwa ya ufugaji wake.

Hapa lazima tuseme wazi kuhusu kichocho. Maji ya pembeni mwa Ziwa Victoria, hasa yaliyotulia na yenye majani, yana konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huu. Vimelea hutoka kwenye konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini hata kwa muda mfupi. Kwa hiyo mtoto asiingie ziwani kusaka uduvi, wala asitumbukize mikono. Kama alishaingia huko nyuma, mpeleke kituo cha afya akapimwe, kwani kichocho kinatibika.

Njia salama ya kumwona uduvi akiwa hai ni kumwomba mvuvi, nje ya eneo la hifadhi, akiwa ndani ya mtumbwi wake, achote fungu dogo la magugumaji kwa ndoo na kulitikisa juu ya beseni jeupe. Katika mizizi ile mara nyingi hujificha uduvi. Mtoto aangalie kwa macho tu. Mkimaliza, mvuvi arudishe maji na wanyama palepale. Msibebe chochote kwenda nyumbani: si uduvi, si majani, si konokono. Konokono mmoja mwenye vimelea anaweza kuendelea kuvitoa ndani ya tangi lako sebuleni.

Kilichoingia ziwani hakikutoka

Mkiwa mmekaa ufukweni, wasimulie watoto habari ya ziwa hili, kwa sababu inahusu tangi lao.

Zamani ziwa lilijaa samaki wadogo waitwao furu, wa mamia ya aina, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaletwa sangara kutoka maji mengine. Kwa miaka mingi mabadiliko hayakuonekana sana. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara wakafurika, na furu wakapungua vibaya, hapa Ghuba ya Mwanza ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Aina nyingi zinaaminika kuwa zimetoweka kabisa. Uduvi wakaongezeka, na sangara wadogo wakageukia kuwala wao.

Sangara aliletwa kwa ajili ya uvuvi, na ni kweli amelisha na kusomesha watu wengi. Lakini magugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalienezwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, kama pambo la mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakawa yamefika Ziwa Victoria, na katika miaka iliyofuata yakaziba bandari, yakakwamisha mitumbwi, yakawapa konokono wa kichocho makazi mapya. Pambo la mtu mmoja likawa mzigo wa nchi tatu.

Mtoto aliyeisikia habari hii akiwa anayatazama magugu yenyewe hutahitaji kumkumbusha mara kumi kwamba mnyama wa tangi hamwagwi ziwani.

Mgeni kutoka Taiwan

Uduvi wekundu wanaoonekana kwenye simu si wa kwetu. Jina lao la kisayansi ni Neocaridina davidi, na asili yao ni mito na vijito vya China na Taiwan. Huko porini wana rangi ya kahawia hafifu au hawana rangi kabisa. Wekundu ulipatikana kwa wafugaji wa Taiwan kuchagua wale wenye rangi zaidi, kizazi baada ya kizazi, kama mfugaji wetu anavyochagua jogoo wa mbegu.

Hawa ndio wanaomfaa anayeanza. Wanazaliwa na kukulia kwenye matangi, wanavumilia maji ya aina nyingi, na vifaranga wao hutoka wakiwa na umbo kamili la mama. Maduka ya samaki wa mapambo katika miji mikubwa huwa nao mara mojamoja, na mengine huagiza ukiomba. Muulize muuzaji kama wamezaliwa nchini au wamefika juzi, na kama wamefika juzi, mwombe akae nao wiki moja kwanza. Usibebe wanyama hai kwenye begi kutoka nje ya nchi, kwa sababu wanahitaji kibali.

Huenda ukauziwa pia uduvi mkubwa kidogo, asiye na rangi, mwenye vidoa ubavuni. Huyo alipata umaarufu kupitia Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyemtumia kusafisha mwani kwenye matangi yake. Ni mchapakazi, ila watoto wake huhitaji maji ya chumvi ili wakue, kwa hiyo nyumbani hatakuzalia. Kwa mtoto anayengoja kuona mayai, chagua mwekundu.

Mwezi mmoja bila mnyama

Tangi la lita 30 linatosha. Fundi wa vioo anaweza kulitengeneza, ila mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua. Kumbuka lita 30 za maji ni kilo 30, ukiongeza mchanga na mawe ni zaidi. Meza iwe imara, mbali na jua la dirishani, na mtoto mdogo asiweze kuivuta. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Weka mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa ufukwe wa bahari haufai, kwa sababu una chumvi na vipande vya makombe. Ongeza mawe machache, mimea midogo ya majini ya dukani, na chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Sponji ni bora kuliko mashine yenye mdomo mpana, ambayo humeza vifaranga. Umeme ukikatika kwa saa chache, tangi lenye mimea na wanyama wachache halitaangamia.

Maji ya bomba yakae kwenye ndoo pana, wazi, kwa siku moja au mbili ili klorini itoke. Maji ya mvua yakingwe moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki, yasipitie kwenye mabati, hasa mabati mapya, kwani zinki ni sumu kwa uduvi. Shaba nayo ni hivyohivyo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya samaki zina shaba, kwa hiyo soma karatasi yake kabla ya kuitia.

Sasa ngoja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mimea huitumia. Bakteria hao hawauzwi pamoja na tangi. Wanakua taratibu kwenye sponji na mchanga, kwa wiki nne mpaka sita. Dondosha punje chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili ili wapate cha kulia.

Mpe mtoto kazi ya kupitisha kidole safi juu ya jiwe moja la tangi kila Jumapili. Wiki ya kwanza litakuwa kavu la mguso, kama sahani iliyooshwa. Siku atakapokuja akikimbia kusema linateleza, mkumbushe mawe ya Saanane. Pima maji kwa vikaratasi vya dukani, na naitraiti ikiwa sifuri, tangi liko tayari.

Adui yuko kwenye kopo la dawa

Jambo linaloua uduvi katika nyumba zetu kuliko tunavyodhani ni dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza na za kuchoma hutumia kemikali zilizotengenezwa kuua wadudu, na uduvi ni ndugu wa mbali wa wadudu. Kiasi kisichomsumbua binadamu kinatosha kumaliza tangi zima. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, kwa hiyo kama lazima upulize, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, kisha fungua madirisha mpaka harufu iishe kabla ya kuiwasha tena.

Usifunike tangi kwa kipande cha chandarua chenye dawa, wala usikitumie kuvulia. Mtoto aliyepakwa mafuta ya kufukuza mbu asitie mkono. Mikono ioshwe na kusuuzwa vizuri kabla ya kugusa maji, na baada ya kutoka ioshwe kwa sabuni. Chandarua cha kitandani kiendelee kutumika kila usiku kama kawaida: malaria haina mjadala, ni tangi ndilo litakalohama chumba.

Joto ni adui wa pili. Mwanza hali si mbaya, lakini Dar es Salaam, Tanga na Mombasa miezi ya Februari na Machi ni kazi. Uduvi hawa hustawi kati ya nyuzi 20 na 26, na maji yakipita 30 hewa ndani yake hupungua. Tumia akili ya mtungi: unapoza maji kwa sababu unyevu unatoka taratibu. Elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, nayo itafanya kazi ileile. Usitumbukize barafu.

Siku ya kuwaingiza

Anza na kumi. Usiwamwage. Weka maji waliyokuja nayo kwenye beseni, kisha ingiza maji ya tangi tone kwa tone kwa saa moja au mbili. Mpira wa dripu wa duka la dawa, ambao haujatumika, unafanya kazi hii vizuri, na gurudumu lake dogo linamruhusu mtoto kuhesabu matone. Baada ya hapo wavue kwa wavu mdogo na kuwaingiza bila maji ya dukani.

Chakula kiwe kidogo sana. Jani moja la mchicha lililochemshwa, lenye ukubwa wa stempu, linatosha kwa kumi, na likibaki litolewe kesho yake. Tumia mchicha wa bustani yako au unaojua haukupigwa dawa. Chakula bora zaidi kiko chini ya mti. Majani makavu ya mkungu, yale ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, hutafutwa na wafugaji wa uduvi sehemu nyingi duniani. Yanaoza taratibu na kuota utando wanaoupenda. Sisi tunayafagia. Okota moja safi mbali na barabara, lisuuze, liloweke, litie.

Badilisha sehemu ndogo ya maji kila wiki, kama lita tatu, kwa maji yaliyotulia, ukimimina polepole. Samaki wasiwemo. Hata wadogo wapole hula vifaranga.

Gamba, mayai na kifo

Asubuhi moja mtoto atakuja na habari kwamba mmoja amekufa, kalala ubavu, mweupe. Mwambie ahesabu tena. Mara nyingi wote kumi wapo, na kile anachokiona ni gamba tupu. Uduvi hukua kwa kujivua gamba, na hapa hakuna siasa. Liacheni, watalila wenyewe kurudisha madini yake mwilini.

Baada ya wiki kadhaa jike mmoja anaweza kuonekana akiwa na mayai ishirini au thelathini chini ya tumbo, akiyapepea kwa miguu ya nyuma. Atayabeba kwa karibu mwezi. Vifaranga wana ukubwa wa milimita 2 hivi, na atakayewaona kwanza ni mtoto, kwa sababu macho yake ni mazuri kuliko yako na muda anao.

Wengine watakufa kweli. Maisha yao ni mwaka mmoja mpaka miwili. Usimfiche, wala usikimbilie dukani usiku kununua mwingine wa kufanana naye. Mzikeni kwenye chungu cha maua, mtoto aulize maswali yake, na mjibu kwa kadiri ya umri wake.

Maji yasirudi ziwani

Itafika siku mtakapohama, au hamu itakwisha, au wanyama watazidi tangi. Hapo mtoto mwenye moyo mzuri anaweza kusema tuwaachie huru. Anaona ni huruma. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kusimama. Uduvi hawa wekundu wameshakutwa wakiishi na kuzaliana kwenye maji ya nje huko Ujerumani na Hawaii, mbali kabisa na kwao, kwa sababu watu waliwaachia. Huku kwetu maji yana joto mwaka mzima, na uduvi wetu wa asili hana pa kuhamia.

Wape familia nyingine, shule, au muuzaji aliyekuuzia. Maji ya kubadilisha mwagieni maua au bustani ya mboga, yana mbolea. Msiyamwage kwenye mfereji. Pale Mwanza mifereji inateremka vilimani kwenda ziwani, na kifaranga wa milimita 2 haonekani kwenye ndoo.

Kama mtoto ameshaomba, anzeni wiki hii na vitu visivyo na gharama: kuchambua dagaa, kuokota jani la mkungu, na kuchagua meza. Duka la uduvi lisubiri mpaka jiwe liteleze.